Mke Mwenza wa Chuma

Juzi nilipeleka sketi kwa fundi cherehani mmoja hapa Migosi, Kisumu. Nilimkuta anatia mafuta mashine yake kwa kichupa chenye mdomo mrefu, na tone moja likaponyoka likaangukia pasi ya makaa iliyokuwa pembeni, juu ya kitambaa kibichi. Likachemka. Kamvuke kakapanda kakanifikia puani: mafuta ya mashine, chuma cha moto na maji, vyote kwa pamoja. Yule mama aliniuliza nataka sketi ifike wapi, nami nikashindwa kumjibu kwa sababu meno yalikuwa yamekazana. Nilikuwa nimekunja uso kama mwanamke aliyekutana na mke mwenzake sokoni, tena mwenzake amevaa leso mpya.

Ndiyo harufu yake. Hivyo ndivyo alivyonukia yeye aliyemchukua baba yangu. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaonizidi kimo, lakini nikiipata harufu ile narudi umri wa kung'oka meno ya mbele. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukikishiriki utakonda. Mimi nilikishiriki mapema sana, na kama sikukonda ni kwa sababu mama yangu alikuwa anapika mandazi ya kuuza.

Inabidi nianze na jina langu, maana ndilo lililoleta taabu yote. Naitwa Adhiambo, jina la mama mzazi wa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu ukipewa jina la mtu hupewi jina tupu, unapewa na kiti chake. Baba hakuniita Adhiambo hata siku moja. Aliniita Mama. "Mama, umekula?" "Mama, niletee viatu." Naye mama aliniita mama mkwe kwa utani, na nikikataa kuosha vikombe alimgeukia baba akamwambia, "Ongea na mamako, ananionea." Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka. Mtoto akiambiwa kila siku kwamba yeye ni mama wa baba yake, mwishowe ataamini, na mimi niliamini kabisa kwamba lile jitu lenye mikono iliyobabuka kwa kuchomelea vyuma lilikuwa chini ya ulinzi wangu.

Baba aliwahi kufanya kazi katika karakana ya reli, enzi zile za mvuke zikiisha, mpaka wafanyakazi wakapunguzwa naye akarudi nyumbani. Nilipopata akili nilimkuta anachomelea milango na madirisha kwenye kibanda chake kule Obunga. Jumamosi alifunga mapema. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga, akaja kunichukua, tukaenda ziwani kula samaki. Tulinunua ngege mmoja wa kukaangwa, tukakaa kwenye benchi la mbao lililokuwa likicheza mguu mmoja, na upande wa kichwa ulikuwa wangu. "Mama ndiye hula kichwa," alimwambia muuzaji, "ndio apate akili ya kunichunga." Alinitolea miiba kwa vidole vile vinene, polepole, akinisimulia mambo ya reli. Mama hakuwepo, wateja hawakuwepo, hata Mungu nadhani alikuwa anatazama upande mwingine. Pale benchini nilikuwa naye mzima mzima. Sikuwa nataka kitu kingine duniani ila Jumamosi ije tena.

Kisha Bwana Oloo akarudi kutoka Amerika. Alikuwa amekaa huko mpaka watu wa kwao wakamsahau sura. Wengine wakirudi huleta gari kwenye kontena. Yeye alileta treni. Alikuwa amenunua shamba kandokando ya ziwa, akataka kulifanya bustani ya watu kupumzika, na katikati ya bustani hiyo alitaka watoto wazungushwe na garimoshi dogo la mvuke, la kweli, linalokula moto na kunywa maji, kama alivyoona huko alikokuwa. Akatafuta mtu anayejua mvuke. Mji mzima ulikuwa umebaki na watu wachache wa namna hiyo, na mmoja wao alikuwa baba.

Alikwenda kumwona jioni ya siku ya kazi. Aliporudi hakugusa chakula.

"Min Adhiambo," alimwambia mama, yaani Mama Adhiambo, "wewe hujaona kitu."

"Nimeona ugali inapoa," mama akasema.

"Bomba lake ya moshi imepanuka huko juu hivi, kama sufuria. Ako na kengele ya shaba. Taa moja kubwa hapa kwa uso. Na chini ya taa kuna kitu kama reki, ya kusukuma ng'ombe watoke kwa reli. Waamerika wamefikiria mpaka ng'ombe!"

"Basi ng'ombe za Kisumu zimepata kiboko yao. Kula."

"Magurudumu ni nyekundu. Nyekundu, Min Adhi! Na hajawashwa miaka mingi, amekauka tu. Anataka mtu wa kumwangalia polepole."

Nilikuwa nimeegemea goti lake nikisubiri aniulize nimeshindaje. Hakuniuliza. Alitazama ukuta kana kwamba ukuta ulikuwa na magurudumu mekundu, kisha akanyanyuka akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa imekula. Mama alifunika chakula akasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda. Atachoka naye." Baba hakuchoka. Jumamosi iliyofuata nilivaa viatu mapema nikakaa mlangoni. Jua lilizunguka ploti yote ya wapangaji likanikuta palepale. Alikuwa ametoka Obunga akapitiliza moja kwa moja kwenda kwa yule. Na Jumamosi iliyofuata vilevile.

Siku hizo hizo Waya alikuja kutoka Pap Onditi, kijijini kwetu, ambako pia aliolewa. Waya ni shangazi, dada yake baba, na safari hii alikuja na mfuko wa mtama na macho mekundu. Mume wake alikuwa ameoa mke wa pili. Alikaa sebuleni kwetu akimsimulia mama, nami nilikuwa upande wa pili wa pazia, mahali ambapo ilidhaniwa nimelala.

"Haikuanza siku moja," Waya alisema. "Kwanza anapoteza hamu ya chakula. Halafu ananunua mafuta. Mwanaume mwenye ngozi yake ilikuwa kama gome ya mti, leo ako na mafuta! Halafu anaanza kujenga. Naona mabati inabebwa, nauliza, naambiwa ni stoo. Stoo! Siku mabati iliisha akalala huko. Min Adhi, mwanaume akijenga nyumba na alale ndani, hiyo si stoo tena. Hiyo ni bibi."

"Na anamwitaje?" mama akauliza.

"Nyar Seme. Ati binti ya Seme! Mimi nimekaa kwake mpaka nimesahau nilitoka wapi, hakuna siku ameniita Nyar kitu."

Alilia kidogo, akapenga kamasi, kisha akasema jambo lililonikaa kichwani kuliko yote. "Na chenye iliniuma zaidi, walikuja kwangu kuomba moto. Kwa ile boma mke mdogo hawezi washa jiko yake mpaka moto itoke kwa wakubwa. Mama mkwe angekuwa hai, angetoa yeye. Hayuko. Nikatoa mimi. Na ukishatoa moto, dada yangu, umempokea. Huwezi rudi nyuma."

Sijui kama kila boma lina desturi hiyo. Kwa Waya ndivyo ilivyokuwa, na mimi nilikuwa na Waya mmoja tu. Nikalala pale nyuma ya pazia nikipanga mambo. Hamu ya chakula: baba alikuwa ameshaipoteza. Mafuta: juu ya kabati palikuwa na mkebe wa mafuta ya rangi ya asali, ambao hatukuruhusiwa kuugusa. Ilibaki nyumba.

Haikuchukua muda. Baba alipakia mabati kwenye mkokoteni pale Obunga akayapeleka ziwani. Mama alipouliza, alijibu, "Ni kibanda tu." Nilimtazama mama nikitegemea atashika kichwa kama Waya. Akaendelea kuchekecha unga. Na siku mabati yalipoisha kupigwa misumari, baba alisema kwamba usiku huo angelala huko, kwa sababu ile shaba wezi wataiona kabla Mungu hajaiona. Mama akamfungia ugali kwenye karatasi. Akampa na blanketi! Nilitaka kupiga kelele. Niliona kwamba mama yangu, mwanamke mwerevu ambaye hakuna mteja aliyewahi kumpunja, alikuwa anamfungia mumewe blanketi la kwenda kufungulia nyumba ya mke mwenzake.

Alirudi asubuhi macho mekundu, anaimba puani. Jirani mmoja aliyekuwa anaanika nguo akamwuliza, "Baba Adhi, umelala wapi leo?"

"Kwa Nyar Amerika!" baba akajibu.

Ploti yote ikacheka, na aliyecheka zaidi ni mama. "Mwacheni," alisema, "mwenzangu ni mzungu, atamfundisha kula na uma." Mimi niliingia ndani nikalala nimeelekea ukutani.

Msidhani sikujua kwamba yule ni mashine. Nilijua. Lakini hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba mwanamume hawezi kuoa mashine. Nilichokuwa nimeambiwa ni dalili, na dalili zote zilikuwepo mpaka na jina. Tena niliumia mara mbili. Niliumia kama mtoto aliyenyang'anywa Jumamosi yake, na niliumia kama mama mwenye boma ambaye mwanawe ameoa bila kumwuliza. Kiti cha mama mzazi wa baba nilichopewa kilikuwa cha nini, kama siulizwi jambo kubwa hivyo?

Jumapili moja tulitoka kanisani tukapitia bustanini ili mama na mimi tumwone Nyar Amerika. Nilikuwa nimemwomba Mungu kwamba yule awe mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa mweusi wa kung'aa, mfupi kwangu lakini mrefu kwenda nyuma, na ile shaba ilikuwa imesuguliwa mpaka nikaiona sura yangu ndani yake, imevutwa pembeni, pua pana na meno hayapo. Kengele ilikaa mgongoni mwake. Taa ilinitazama bila kupepesa. Nyuma yake kulikuwa na kiti cha dereva, kidogo, cha chini, na baba alipokaa hapo magoti yalipanda karibu na masikio na mikono yake ikampita yule pande zote mbili. Kwa macho yangu alikuwa amemkumbatia mbele ya watu, siku ya Jumapili.

"Mama," aliniita kwa furaha, "kuja nikuzungushe. Uwe wa kwanza kabisa."

"Sipandi."

"Kwa nini?"

"Hajaletwa nyumbani."

Baba alimtazama mama. Mama alitazama ziwa, mabega yakimtikisika. "Lakini Mama," baba akasema, "huyu ni mzito, hawezi fika Migosi." Wakacheka wote wawili. Kisha akaona alama ya kidole changu kwenye shaba, mahali nilipoigusa bila kukusudia, akaipulizia pumzi na kuifuta kwa kitambaa laini, akazungusha, akazungusha. Mimi asubuhi ile alikuwa amenifuta uso kwa maji baridi na mkono mmoja, tena akiwa anatafuta funguo.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi, na mvua ilianza kabla hatujaamka. Mama alikuwa ameruhusiwa kuuza mandazi langoni, kwa hiyo tulikwenda mapema na jiko, karai na turubai. Watu walikuja hivyo hivyo mvuani: ndugu za Bwana Oloo, mchungaji wa kuombea reli, akina mama wa kanisa, na watoto wengi, wengine nikiwajua kutoka mtaani kwetu, wamevaa nguo za Krismasi. Walikaa chini ya hema wakitazama kibanda. Kutoka kibandani ulikuwa unatoka moshi wa kijivu, mzito, usiokwenda popote. Mabati yalikuwa yamevuja juu ya kuni na makaa, na kiberiti cha baba kilikuwa kimegeuka uji.

Bwana Oloo alisimama mlangoni mwa kibanda na kofia yake pana. "Fundi, si uliniambia by ten ako ready? Unaona hawa watu?"

"Kuni imeloa, Mzee. Nikipata moto moja ya maana, itashika."

"Hiyo si answer. Kama imekushinda sema, nilete mtu kutoka Nairobi."

Nilisikia kila neno, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Mtu wa Nairobi! Aje amchukue, aende naye, amkumbatie yeye. Kisha baba akatoka mvuani akaja kwetu mbio akiwa na beleshi, uso umejaa masizi. 

"Min Adhi," alisema, "nisaidie na moto."

 Mama alishika karai kwa matambara akalitua chini, mandazi yakielea nusu mabichi, na jiko likabaki wazi, jekundu. Ndipo nilipoingia katikati.

"Usimpe."

"Nini wewe? Toka hapo utaungua."

"Ukimpa moto umempokea. Waya alisema. Huwezi kurudi nyuma."

Mvua ilikuwa inapiga turubai. Mama alichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, na safari hii hakucheka. "Kumbe ni hii," alisema polepole. "Kumbe ndio umekuwa ukilala na hii kitu kwa roho." Akamtazama baba bila kusimama. "Baba Adhi, mamako anasema haukumuuliza."

Nilingojea acheke. Aliangalia kule kwenye kofia ya Bwana Oloo, akaniangalia mimi. Akateremsha beleshi. Akavua kofia yake iliyolowa, akaishika kifuani kama alivyofanya akisalimia wazee wa Pap Onditi.

"Mama," alisema, "nimekosa. Ningekuja kwako kwanza. Naomba moto."

Ningeweza kukataa. Hilo nalijua mpaka leo kwa uhakika, kwamba wangenisukuma kando wakachota, lakini mimi ningekuwa nimekataa. Kila nilichokitaka kilikuwa mle jikoni: asiwashwe, mtu wa Nairobi aje, benchi la samaki lirudi. Lakini mbele yangu alisimama mwanangu mkubwa, maji yanamtiririka shingoni, na watu wote wale walikuwa wanangoja kumwona akishindwa. Mama gani huyo angemnyima?

"Na Jumamosi yangu?" nikauliza.

"Iko. Hakuna mtu ameguza."

"Na kichwa ya samaki?"

"Ni yako, Mama. Nani mwingine atakula?"

Nikasogea. Mama alinipa koleo, akanishika mkono, nikatia kaa la kwanza kwenye beleshi mimi mwenyewe. Mengine akachota yeye. Baba alifunika moto kwa kifuniko cha sufuria akakimbia nao, ameinama, akiukinga mvua kwa mgongo wake. Tulibaki na jiko tupu na wateja wa mandazi wenye hasira. Baada ya muda ule moshi wa kibandani ukabadilika rangi, ukanyooka, na mlio ukatoka, mwembamba kwanza, halafu mzito, mpaka ndege weupe waliokuwa kwenye mafunjo wakaruka wote kwa pamoja. Watoto walipiga makofi. Mimi nilisikia ule mlio tumboni, nikajua nimempokea.

Je, Jumamosi yangu ilirudi? Ilirudi kama wanavyorudi wanaume wenye wake wawili, yaani alinigawia bila kutoka alikokuwa. Kila Jumamosi nilipelekwa bustanini, nikapanda benchi la kwanza nyuma yake, miguu huku na huku, nikashika ovaroli yake. Tulizunguka. Tulipita mafunjo, tukapita mahali magugu maji yalipojaza ghuba mpaka ukadhani unaweza kutembea juu yake, tukapita lango, tukarudi. Watoto nyuma yangu walikuwa wanapiga mayowe ya raha. Mimi nilikuwa natazama mgongo. Njia nzima alikuwa anaongea naye. "Polepole, Nyar Amerika. Hapa kuna kona. Ee, hivyo hivyo." Saa ya chakula alinipa kichwa cha ngege kama alivyoahidi, kimepashwa moto juu ya tangi lake, kwenye karatasi, nacho kilikuwa na ladha ya mbali ya mafuta ya mashine. Nilikila chote. Nilikula huku namtazama macho kwa taa, kana kwamba tunakula sahani moja na yeye amenimegea.

Miaka ilikwenda hivyo. Nikakua, nikaona haya kukaa na watoto wadogo, nikaacha kwenda. Nikasoma, nikaolewa, nikarudi kuishi Migosi. Baba hakuacha. Bwana Oloo alizeeka, ovaroli zilibadilishwa, magoti ya baba yaliuma kwa kile kiti kifupi, naye aliendelea kwenda, mpaka ugonjwa ulipomlaza.

Tulimzika Pap Onditi mwaka huu. Waya, ambaye sasa anatembea na fimbo na ambaye yeye na Nyar Seme walimzika mume wao wakishikana mikono, ndiye aliyesimamia mambo ya wanawake. Alimvika mama koti la baba, lile jeusi la kanisani, kama mjane anavyovikwa akiwa katika kuomboleza. Mikono ya koti ilimfunika vidole. Mimi nilikuwa nimekuja na kitu changu. Nyuma ya mlango wa nyumba ya Migosi nilikuwa nimekuta mfuko wa plastiki, na ndani yake ovaroli yake ya mwisho, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifua. Niliufungua mfuko mara moja nikaufunga haraka, harufu isiishe. Asubuhi ile ya mazishi niliivaa juu ya nguo yangu.

Waya aliniona. "Mama," alisema, kwa sababu na yeye huniita hivyo, "vua hiyo."

"Ni ya baba."

"Najua ni yake. Lakini mtoto havai. Nguo ya mwenye amekufa inavaliwa na wake zake."

"Mama yangu ana koti. Sasa hii ni ya nani?"

 Waya alinivua, kifungo kwa kifungo, akaikunja, akampa mama.

Siku za matanga zilipoisha mama aliniomba nimsindikize bustanini. Bado alikuwa amevaa koti, na alikuwa amebeba kikapu. Bwana Oloo alitupa pole akiwa kwenye kiti chake, akatupa ufunguo, akasema hakuna mtu amefungua pale tangu fundi alale. Mlango wa kibanda ulikwaruza chini. Yule alikuwa ndani, vumbi mwili mzima, buibui amefuma kwenye mdomo wa bomba, na shaba yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Niliweka kiganja ubavuni mwake. Alikuwa baridi. Sikuwahi kumgusa akiwa baridi.

Mama alitoa ovaroli kwenye kikapu.

"Mama, hapana," nikasema. "Hiyo niachie."

 Mama alikuwa anamwangalia yule kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimwangalia. "Ulidhani ni wewe peke yako ulikuwa na wivu?" alisema. "Mimi nilikuwa nacheka ndio nisilie, nyathina, mtoto wangu. Kila siku ananiachia nyumba anakuja kwake. Lakini huyu amekaa na yeye hapa mpaka mwisho. Alimpatia kazi, akampatia jina kwa watu. Na hakuna mtu amekuja kumwambia pole." Akaninyooshea ile nguo. "Mvike wewe. Wewe ndiye ulimpatia moto."

Niliipokea. Niliileta puani, mara moja tu, na yote yalikuwemo: mafuta, chuma, maji, na chini yake kabisa, jasho lake. Kisha nikamvika. Nilipitisha mikono ya ovaroli kwenye tangi lake, mmoja kila upande, nikaifunga kwa mbele chini ya taa, nikafunga vifungo kimoja kimoja kama Waya alivyovifungua. Ilimkaa vizuri. Mama alimpigapiga ubavuni mara mbili akasema, "Pole, mwenzangu."

Tukafunga kibanda, tukarudisha ufunguo, tukatembea hadi langoni. Mama alikuwa amevaa koti lake, yule tulimwacha amevaa ovaroli yake, na mimi nikarudi Migosi na nguo zangu mwenyewe.